Shajara ya mradi: Wagiriki walivyoeleza asili ya maneno yao

Februari, mwanzoni

Mradi huu unakusudia kuandaa kwa Kiswahili mkusanyo wenye maelezo wa vifungu ambamo waandishi wa Kigiriki, kuanzia Homer hadi watunzi wa kamusi za Bizanti katika karne ya 12, walieleza neno fulani limetoka wapi na kwa nini kitu fulani kinaitwa jinsi kinavyoitwa. Vifungu hivyo vimetawanyika mno. Vingine vimo ndani ya tenzi, vingine katika mijadala ya falsafa, vingine katika vitabu vya tiba, na vilivyo vingi zaidi vimo katika kamusi nene ambazo ni wachache sana wanaozifungua. Mwanafunzi wa isimu anayesoma kwa Kiswahili hukutana na habari hizi katika aya moja tu, na aya hiyo kwa kawaida humwambia kwamba Wagiriki walikisia, wakakosea, kisha karne ya 19 ikaleta taaluma ya kulinganisha lugha. Naamini aya hiyo inawadhulumu Wagiriki na kumnyima msomaji jambo kubwa, na ndiyo sababu ya kazi hii.

Jambo la kwanza la kuamua lilikuwa kipimo. Tukiwapima waandishi hawa kwa kipimo cha mwanaisimu wa leo, ambaye huuliza neno lilikuwa na umbo gani kabla ya lugha kuandikwa, karibu kila kidahizo, yaani neno pamoja na maelezo yake, kitaishia na maneno "si kweli". Lakini wao hawakuuliza hivyo. Waliuliza neno linasema nini kuhusu kitu chake, na kwa nini jina hili linakifaa kitu hiki. Hata neno "etymologia", ambalo hunasibishwa na wanafalsafa wa Stoa, shule mojawapo ya falsafa ya Kigiriki, limejengwa juu ya "etymos", yaani kweli, kwa hiyo etimolojia kwao ilikuwa ni kuutoa ukweli uliomo ndani ya neno. Nimeamua basi kwamba kila kifungu kitasomwa kwanza kama jibu la swali lake chenyewe. Maoni ya isimu ya sasa yatakuja baadaye, katika sehemu yake, wala hayatageuzwa kuwa hukumu.

Februari, mwishoni

Sehemu ya washairi imekamilika upesi, kwa kuwa vifungu vyake ni vifupi na vinajulikana. Katika kitabu cha 19 cha Odyssey, utenzi wa Homer, Autolycus anaombwa kumpa jina mjukuu wake aliyezaliwa karibuni. Anajibu kwamba yeye amefika pale akiwa mtu wa kuchukiana na watu wengi, wanaume kwa wanawake, basi mtoto na aitwe Odysseus. Kitenzi anachokitumia, "odyssasthai", kinaweza kueleweka kwamba yeye ndiye aliyewakasirikia watu au kwamba watu ndio waliomkasirikia yeye, na wafasiri wamegawanyika. Nimechagua "kuchukiana" kwa sababu kauli yetu ya kutendana inabeba pande zote mbili, na Odysseus mwenyewe katika utenzi ule anaudhi na kuudhiwa.

Hesiod ana hazina kubwa zaidi. Katika Theogony, utenzi wake wa asili ya miungu, anasema Aphrodite aliitwa hivyo kwa sababu alilelewa katika "aphros", povu la bahari. Pegasus alizaliwa penye chemchemi za Okeanos, na chemchemi ni "pēgai". Titani walipewa jina hilo na baba yao kwa lawama, kutokana na kitenzi "titainō", kunyoosha au kukaza, kwa vile walijikaza kutenda ovu. Aeschylus naye, katika tamthilia yake ya Agamemnon iliyochezwa mwaka 458 KK, anaifanya kwaya iulize ni nani aliyempa Helen jina la kweli namna ile, kisha inalifumua jina lenyewe: "helenas, helandros, heleptolis", mwangamiza merikebu, mwangamiza wanaume, mwangamiza mji. Kwa washairi hawa jina ni habari iliyotangulia. Aliyelitoa huenda hakujua alichokisema, na maisha ya mwenye jina yakaja kulifafanua.

Machi

Mwezi wote umekwenda kwa Cratylus, kitabu cha mwanafalsafa Plato kilichoandikwa kama mazungumzo, nacho kinastahili. Kina wazungumzaji watatu. Hermogenes anashikilia kwamba majina ni mapatano ya watu tu. Cratylus anashikilia kwamba kila kitu kina jina lake sahihi kwa asili. Socrates anaombwa aamue. Cratylus amefika hadi kumwambia mwenzake kwamba "Hermogenes" si jina lake hata kama watu wote wanamwita hivyo. Socrates anakisia kwamba huo ni utani, kwa kuwa jina hilo linamnasibisha mtu na Hermes, mungu wa faida, ilhali huyu bwana kila akitafuta mali inamponyoka.

Sehemu kubwa ya kitabu ni Socrates akifumua neno baada ya neno. Binadamu ni "anthrōpos" kwa sababu, tofauti na wanyama, yeye huchunguza kile alichokiona, "anathrōn ha opōpe". Mungu ni "theos" kutokana na "thein", kukimbia, kwa vile watu wa kwanza wa Ugiriki waliliabudu jua, mwezi, dunia, nyota na mbingu, wakaviona vikienda mbio daima. Zeus ana majina mawili katika maumbo yake, "Zēna" na "Dia", na Socrates anasema ni sentensi moja iliyokatwa vipande viwili: yeye ambaye kwa sababu yake, "dia", kuna kuishi, "zēn". Hades, ambaye watu wengi waliliogopa jina lake wakidhani linatokana na "aeides", asiyeonekana, Socrates anamtoa katika "eidenai", kujua, kwani huko waliko wafu yuko mungu ajuaye mambo yote mazuri.

Kifungu kilichonishughulisha zaidi ni kile cha mwili, "sōma". Socrates anaorodhesha maelezo matatu. Wapo wasemao kwamba mwili ni "sēma" la roho, yaani kaburi lake, kana kwamba roho imezikwa katika maisha haya. Neno lilelile "sēma" lina maana ya ishara pia, na kwa mwili roho huashiria kila inachotaka kuashiria. Kisha yapo maneno anayoyanasibisha na wafuasi wa Orpheus, mshairi wa ngano: roho inatumikia adhabu, na mwili ni boma la kuihifadhi, "sōzein", mpaka deni lilipwe; kwa maelezo haya, anasema, hata herufi moja haihitaji kubadilishwa. Anaonyesha kuyapendelea haya ya mwisho, lakini mawili ya kwanza hayafuti. Huu ndio mwenendo nitakaouona mpaka karne ya 12: maelezo mengi ya neno moja husimama bega kwa bega, kwa sababu kila moja linataja upande mmoja wa kitu. Mwili unaweza kuwa kaburi, ishara na boma kwa pamoja. Asili ya kihistoria ingepaswa kuwa moja tu.

Baadhi ya wasomi huchukulia sehemu hii yote kuwa dhihaka, na hoja yao ina msingi. Socrates mwenyewe anasema kwamba hekima hii imempanda tangu asubuhi alipokuwa na Euthyphro, na kwamba leo wataitumia na kesho watafute wa kuwatakasa nayo. Hata hivyo sioni jinsi dhihaka tupu ingejaza kurasa nyingi kiasi hicho kwa uangalifu huo. Wasomaji wa kale kwa ujumla waliyachukua maelezo haya kwa uzito, wakayanukuu na kuyaendeleza kwa karne nyingi, na mkusanyo huu unapaswa kumwonyesha msomaji kitabu walichokisoma wao.

Baada ya maneno yaliyoungwa huja maneno ya kwanza, yale yasiyoweza kufumuliwa zaidi, na hapo Socrates anashuka hadi kwenye sauti. Herufi r, anasema, ni chombo cha mwendo, kwa kuwa ulimi haukai kitako unapoitamka bali hutikisika sana. Ndiyo maana imo katika "rhein", kutiririka, na "tromos", mtetemeko. Herufi l huteleza, na imo katika "leios", laini. Lakini "sklērotēs", ugumu, nayo ina l ndani yake, na Cratylus analazimika kukiri kwamba analielewa neno hilo kwa mazoea. Neno "mazoea" likishaingia, mapatano ya Hermogenes yamerudi kwa mlango wa nyuma. Socrates anamalizia kwa kusema kwamba ni heri kujifunza vitu kutoka kwa vitu vyenyewe kuliko kutoka kwa majina. Nimetafsiri kurasa hizi za mwisho kwa ukamilifu, kwa sababu bila hizo msomaji angedhani Plato alikuwa upande wa Cratylus.

Aprili

Mwezi wa tahajia. Maneno ya Kigiriki yataandikwa kwa herufi za Kilatini, na irabu ndefu zitatiwa alama, ē na ō. Mhariri mwenzangu alipendekeza alama hizo ziachwe ili ukurasa usimtishe msomaji. Nilimwonyesha kifungu cha Cratylus kuhusu mashujaa: "hērōs" anatokana na "erōs", mapenzi, kwa kuwa mashujaa wote walizaliwa na mungu aliyempenda mwanadamu au mwanadamu aliyempenda mungu, na Socrates anataka tulitazame neno hilo kwa lugha ya kale ya Attika, eneo la mji wa Athens. Athens ilikubali rasmi alfabeti ya Ionia mwaka 403 KK, na kabla ya hapo maandishi ya mji huo hayakutofautisha e fupi na ndefu, wala o. Hoja ya Socrates haionekani bila alama zetu. Zimebaki.

Tumekubaliana pia kutotafuta neno la Kiswahili linalofanana kwa sauti na la Kigiriki ili kuiga mchezo wa asili. Ingekuwa kazi ya kupendeza, lakini msomaji angekuwa anasoma etimolojia zetu badala ya zao. Kila kifungu kitatoa neno la Kigiriki, vipande vyake, na maana ya kila kipande kwa Kiswahili cha wazi.

Mei

Wanafalsafa wa Stoa. Vitabu vyao vyenyewe kuhusu etimolojia vimepotea, vikiwemo vile ambavyo Diogenes Laertius anavitaja katika orodha ya kazi za Chrysippus wa Soli, aliyekufa mwishoni mwa karne ya 3 KK. Tunayo maneno ya Chrysippus kwa sababu mpinzani wake aliyanukuu: Galen, tabibu wa karne ya 2 BK, katika kitabu alichoandika juu ya maoni ya Hippocrates na Plato.

Suala lilikuwa la anatomia. Chrysippus alifundisha kwamba sehemu ya nafsi inayotawala ipo moyoni, na miongoni mwa ushahidi wake alileta neno "egō", mimi. Mtu anapojitaja, alisema, hujionyesha kifuani. Na katika kutamka silabi ya kwanza, mdomo wa chini na kidevu hushuka kuelekea kifua, kana kwamba sauti yenyewe inaonyesha mahali alipo huyo "mimi". Moyo nao, "kardia", aliuhusisha na "kratēsis", utawala. Galen, aliyekuwa amepasua wanyama na kuona neva zikitoka kwenye ubongo, hakuwa na subira na hoja za namna hii. Alijibu kwamba neno "ekeinos", yule, linaanza na e ileile, na bado halimwonyeshi mtu kifua chake. Etimolojia, aliandika, ni shahidi mwenye majivuno, maana mara nyingi huwashuhudia kwa usawa wale wanaosema kinyume cha kweli.

Nimekipa kidahizo cha "egō" nafasi kubwa kuliko vyote vya sehemu hii. Kuhusu mahali pa akili Galen alikuwa na haki, na kauli yake kuhusu shahidi ni ya haki pia kila etimolojia inapoletwa mahakamani kuthibitisha jambo ambalo kisu cha tabibu kingeweza kulionyesha. Lakini Chrysippus alifanya jambo ambalo si dogo: alilisoma neno kama tendo la mwili. Socrates alikwisha kuusikiliza ulimi ukitikisika katika r. Chrysippus akatazama kidevu na mkono wa msemaji. Msomaji apewe hoja zote mbili kwa ukamilifu.

Cornutus, Mstoa wa karne ya 1 BK, amechukua siku chache tu. Kitabu chake juu ya miungu kinaanza na mbingu, "ouranos", ambazo anazieleza kuwa ni "ouros anō", mpaka ulio juu, kwa sababu zinaizunguka dunia na kukomesha vyote. Anamwandikia kijana, na anamwita "mwanangu". Nimeuacha mwito huo katika tafsiri, kwa kuwa unaonyesha kwamba etimolojia hizi zilikuwa somo la darasani.

Juni

Wanasarufi. Kitabu cha sarufi kinachonasibishwa na Dionysius Thrax, mwanafunzi wa Aristarchus wa Aleksandria, kinaitaja etimolojia kuwa mojawapo ya sehemu sita za sarufi, pamoja na kusoma kwa lafudhi sahihi na kuhukumu mashairi. Kuanzia hapa kazi inakuwa na kanuni. Herufi huongezeka, hupungua, hubadilishana nafasi au hugeuka kuwa nyingine, na kila badiliko lina jina lake. Wengi wamewacheka wanasarufi kwa kanuni hizi, wakisema kwamba kwa njia hiyo neno lolote linaweza kutolewa katika neno lolote. Malalamiko hayo si mapya: Socrates anapolitoa neno "technē", ufundi, katika maneno yenye maana ya kuwa na akili kwa kuondoa t na kutia o, Hermogenes anamwambia wazi kwamba hapo amevuta kwa nguvu.

Aliyenivutia zaidi ni Philoxenus wa Aleksandria, wa karne ya 1 KK. Yeye alitafuta chanzo cha maneno mengi katika vitenzi vifupi vya silabi moja. Kutoka katika "bō", kwenda au kukanyaga, hutoka maneno kama "bēma", hatua au jukwaa, na "bathmos", ngazi. Msomaji aliyezoea kuona mzizi "-som-" ukizaa msomaji, somo, masomo na usomaji atamwelewa Philoxenus bila kusaidiwa, pengine upesi kuliko msomaji wa lugha nyingi za Ulaya. Kitabu chake hatunacho. Vipande vyake vimekusanywa kutoka kwa waliomnukuu na kuchapishwa Berlin mwaka 1976.

Julai

Sasa tumefika kwenye kamusi zenyewe. Mlolongo wake ni mrefu: Orion, mzaliwa wa Thebes ya Misri, aliyefundisha katika karne ya 5 na kuandika etimolojia ambazo mara kwa mara zinamtaja mwenye rai, awe Philoxenus, Herodian mwanasarufi au Soranus tabibu, kisha Etymologicum Genuinum, iliyokusanywa Konstantinopoli katika karne ya 9, kisha Etymologicum Gudianum ya karne ya 11, inayobeba jina la Marquard Gude aliyemiliki nakala yake moja, kisha Etymologicum Magnum ya karne ya 12.

Genuinum imehifadhiwa katika hati mbili za karne ya 10, moja ikiwa Vatikani na nyingine Florence. Ni Richard Reitzenstein, mwishoni mwa karne ya 19, aliyeonyesha kwamba hati hizo ndizo chemchemi ambayo kamusi za baadaye zilichota, na yeye ndiye aliyeipa jina la Genuinum, yaani halisi. Magnum, ambayo ni mrithi wake, ilikuwa na bahati ya kuchapwa mapema. Ilitoka Venice mwaka 1499 katika kiwanda cha Zacharias Kallierges, Mkrete, kwa gharama ya Mkrete mwenzake Nikolaos Vlastos na kwa himizo la Anna Notaras, binti wa Loukas Notaras aliyekuwa mmoja wa wakuu wa mwisho wa dola ya Bizanti. Konstantinopoli ilikuwa imeanguka mwaka 1453. Miongoni mwa vitabu vya kwanza ambavyo Wagiriki wa ughaibuni walijichapia wenyewe kilikuwemo hiki cha asili ya maneno, na jambo hilo linanigusa kila ninapofungua ukurasa wake. Toleo ninalolitumia kwa kazi ya kila siku ni lile la Thomas Gaisford, lililochapwa Oxford mwaka 1848.

Katika kamusi hizi "anthrōpos" ana maelezo zaidi ya yale ya Plato. Anaitwa hivyo kwa kutazama juu, "anō", tofauti na wanyama wanaoinamia ardhi. Au kwa sababu sauti yake imegawanyika katika viungo, "enarthros", na hivyo anaweza kunena. Watunzi wa Bizanti walikuwa Wakristo, na walipokea bila wasiwasi maelezo ya Plato na ya wanasarufi wapagani, wakayapanga na kuunganisha kila moja kwa neno "au". Neno hilo fupi, "ē" kwa Kigiriki, linarudi katika karibu kila kidahizo kirefu. Wahariri wengi wa zamani waliliona kuwa dalili ya mtunzi asiyeweza kuchagua. Mimi naona ni mtunzi anayehifadhi: binadamu ni mwenye kuchunguza, ni mwenye kutazama juu, ni mwenye kunena, na hakuna sababu ya kumpokonya lolote kati ya hayo.

Agosti

Mhariri mwenzangu aliuliza kama katika maandishi haya yote kuna lolote linalogusa pwani yetu. Lipo, na ni la mapema.

Katika karne ya 1 BK mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki, na ambaye jina lake halikuhifadhiwa, alitunga mwongozo wa safari za Bahari ya Erythra, unaojulikana kwa jina la Periplus. Akishuka na pwani ya Azania, yaani Afrika Mashariki, anafika kwenye kisiwa cha Menouthias, ambako wenyeji wana vyombo vidogo vilivyoshonwa na mitumbwi ya gogo moja, wanavyovitumia kuvulia samaki na kukamatia kasa. Kisha anafika kwenye soko la mwisho la pwani hiyo, Rhapta, lenye pembe za ndovu nyingi na magamba ya kasa, na hapo anasimama kidogo kueleza jina: linatokana na vile vyombo vilivyoshonwa vilivyotajwa. "Rhaptos" kwa Kigiriki ni kilichoshonwa.

Haya ni maelezo ya asili ya neno kwa mtindo uleule wa Hesiod na povu lake, ila yameandikwa na mtu wa biashara kuhusu mahali ambapo wataalamu wengi hupatafuta katika pwani ya Tanzania. Mwandishi hasemi wenyeji waliuitaje mji wao. Anatoa jina ambalo masikio ya Kigiriki yalilisikia, na anaona linafaa kwa sababu alijua vyombo vya huko. Kwamba vyombo hivyo vilikuwepo hakuna shaka. Mitepe, iliyounganishwa mbao kwa kamba za usumba bila misumari, iliendelea kusafiri katika pwani ya Waswahili hadi mwanzoni mwa karne ya 20, na mfano wake ulijengwa Zanzibar kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib. Katika tanbihi nimeeleza ushonaji huo kwa kirefu, kwa maana msomaji wa Lamu au Bajuni ataielewa sababu ya jina hili vizuri kuliko mwanasarufi yeyote wa Aleksandria.

Bahari yenyewe nayo ina kesi yake. "Erythra" ni nyekundu, na kueleza kwa nini bahari isiyo nyekundu iitwe hivyo lilikuwa swali la kale. Agatharchides wa Cnidus, katika karne ya 2 KK, alipitia majibu mbalimbali, likiwemo lile la rangi ya maji, akayakataa, akachagua simulizi aliyoisikia kwa Mwajemi mmoja: bahari ilichukua jina la Erythras, mtu wa Uajemi. Kitabu chake kimepotea, ila sehemu yake tunaipata katika muhtasari wa Photius, patriarki wa Konstantinopoli katika karne ya 9. Huyu ndiye mwanachuoni ambaye Genuinum huhusishwa na mazingira yake. Agatharchides ameingia katika mkusanyo kwa sababu anafanya jambo ambalo wengine hawalifanyi: anachagua moja na kutoa sababu za kuyaacha mengine.

Septemba

Mpangilio wa kidahizo umekubalika. Kwanza neno, kisha maelezo ya wale wa kale kwa mfuatano wa nyakati, kisha tafsiri ya kila kipande, na mwisho, kwa herufi ndogo, maoni ya isimu ya sasa kutoka katika kamusi za etimolojia ya Kigiriki za Frisk, Chantraine na Beekes. Sehemu hiyo ya mwisho ilitupa mjadala mrefu, kwa sababu mara nyingine inawaunga mkono watu wa kale kwa njia isiyotarajiwa. Socrates, akishindwa kulifumua neno "pyr", moto, anasema huenda ni la kigeni, kwa kuwa Wafrigia, watu wa Anatolia, wanalitumia kwa tofauti ndogo, na ndivyo ilivyo kwa "hydōr", maji, na "kyōn", mbwa. Aliona ufanano wa kweli. Leo tunajua kwamba maneno hayo matatu ni ya ukoo wa lugha za Kihindi-Kiulaya, na kwamba Kihiti, lugha ya kale ya Anatolia, ilikuwa na "pahhur" kwa moto na "watar" kwa maji. Socrates alidhani ni mkopo, kumbe ni udugu.

Kinyume chake ni "theos". Herodotus, mwanahistoria, akizungumzia Wapelasgi, watu ambao Wagiriki waliwadhani kuwa wakaaji wa kale wa nchi yao, anasema miungu iliitwa "theoi" kwa sababu iliviweka, "thentes", vitu vyote katika mpangilio. Plato anasema ni kwa kukimbia. Msomaji wa leo hujaribiwa kulihusisha neno hilo na "deus" la Kilatini, ambalo lina sauti na maana ya kufanana nalo, na hapo ndipo isimu inapomzuia: maneno hayo mawili si ndugu. Katika Kilatini ndugu wa "theos" hutafutwa katika "festus" na "fanum". "Deus" ni ndugu wa Zeus.

Kuna pendekezo moja ambalo nimelikataa, nalo ni kuongeza orodha ya maneno ya Kiswahili yenye asili ya Kigiriki yaliyotufikia kupitia Kiarabu, kama falsafa, kanuni, kalamu na almasi. Orodha hiyo inahitajika na iandikwe na mtu mwenye Kiarabu kizuri. Lakini safari ya neno kutoka lugha hadi lugha ni swali la kihistoria, na kuliweka katika mkusanyo huu kungemrudisha msomaji kwenye kipimo tulichokiweka kando tangu Februari.

Vidahizo vya alfa vimekaribia kukamilika. Kilichobaki ni "alētheia", ukweli, na kinahitaji uangalifu kwa sababu maelezo yake mawili yanakwenda njia tofauti kabisa. Socrates analigawa "alē theia", kutangatanga kwa kimungu, kwa kuwa wakati huo anajaribu wazo kwamba kila kilichopo kimo katika mwendo. Kamusi za Bizanti zinasema kweli ni kile kisichoangukia katika "lēthē", usahaulifu, na wanaisimu wa sasa wako karibu na maelezo haya, wakilitoa neno katika "a-", kikanushi, na mzizi wa kufichika na kusahaulika. Tafsiri ya Plato iko tayari. Ya Bizanti inasubiri nilinganishe maneno ya Gaisford na toleo jipya la Genuinum, ambalo kwa bahati njema limechapishwa kwa herufi za alfa na beta. Kuanzia gama na kuendelea, tutalazimika kuegemea Magnum na Gudianum.